Mara Nne Nilimtibu Bhoke Malaria Asiyokuwa Nayo

Nilimpa Bhoke dawa ya malaria mara nne, na mara zote nne hakuwa na malaria. Naanza na hilo ili ninyi manesi mnaoanza kazi sasa, mliovaa sare zisizo na doa hata moja, msije mkadhani anayewaandikia ni bingwa. Mimi ni nesi mstaafu. Nilifanya kazi miaka mingi katika zahanati moja upande wa Nyamongo, wilayani Tarime, na kama kuna kosa linaloweza kufanywa na mtu mwenye nia njema, nina hakika nililifanya, kisha nikaliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilipangiwa Mara nikiwa na miaka ishirini na tisa, wakati ambao dunia nzima ilikuwa inakimbilia dhahabu. Walikuja wachimbaji, wauza mitumba, wahubiri, wapika pombe na waendesha bodaboda wengi kuliko barabara za kupita. Kila mtu alikimbilia Nyamongo isipokuwa wafanyakazi wa afya. Sisi tulikuwa wawili: mimi na mganga wetu, ambaye muda mwingi alikuwa semina.

Kwa hiyo mjue hali ilivyokuwa. Ninyi leo mna kipimo cha haraka, tone moja la damu na jibu liko mezani kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika. Sisi tulikuwa na darubini moja yenye kioo kilichopasuka. Ukiangalia damu ya mtu yeyote ndani yake uliona ufa, na ule ufa nadhani tuliutibu sana. Mtu akisema ana joto, tuliandika malaria. Akisema ana baridi, malaria. Akisema leo hajambo ila jana hakujisikia vizuri, tulimhurumia na kumwandikia malaria.

Bhoke alikuwa na miaka arobaini na minane, mama wa watoto sita, mponda mawe. Wanaume wakitoa mawe shimoni, wanawake waliyaponda kwa nyundo mpaka yawe kokoto, kisha kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, ndipo unga uoshwe kutafuta dhahabu. Mikono yake ilikuwa migumu kama soli. Alipokuja mara ya kwanza alikaa kwenye benchi, akafungua kanga kifuani, akajipepea kwa kadi yake ya kliniki.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Mwili wangu unawaka. Moto unaanza hapa kifuani, unapanda shingoni, uso unakuwa kama nimeinamia jiko. Jasho linamwagika. Halafu linakatika, nasikia baridi. Usiku ndiyo mbaya zaidi, silali."

Joto, jasho, baridi. Mkufunzi wangu chuoni angejivunia jinsi nilivyoifikia kalamu haraka. Akaondoka na dawa. Baada ya wiki tatu akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu nilimkaripia kwamba hamalizi dozi. Mara ya nne nilimwambia alale ndani ya chandarua, na nilisema kwa sauti ile ya taratibu tunayoitumia tukidhani mgonjwa ndiye mjinga chumbani.

Sasa, msidhani nilikuwa peke yangu katika ujinga. Nilikuwa na wenzangu wengi, na baadhi walikuwa na spika. Kuna bwana mmoja alikuwa akipita na gari dogo la mizigo siku za gulio, amevaa koti refu jeupe, anatangaza unga wa mizizi unaotoa majini, unaorudisha ujana na unaovuta dhahabu, vyote katika pakiti moja. Bhoke akanunua. Ujana haukurudi. Alichopata ni kuharisha siku tatu, na kwangu akaja kutibiwa hilo pia. Angalau safari hiyo sikuandika malaria.

Huko machimboni nako msimamizi wa duara, yaani lile shimo ambalo Bhoke aliponda mawe yake, alikuwa na maelezo yake. Wiki mbili mfululizo mawe yalikuwa matupu. Bwana yule akatazama miamba, akatazama mbingu, akatazama wanaume wake waliokuwa wakichimba upande usio na kitu, kisha akagundua chanzo: mama mmoja mwenye moto mwilini anafukuza dhahabu. Akamwambia Bhoke akapondee mbali, kule pembeni kwenye jua kali. Mwanamke anawaka, dawa yake akakae juani. Sayansi ilikuwa juu sana siku zile.

Mumewe, Chacha, naye alikuwa ametafakari. Mke wake usiku anatupa shuka, anafungua mlango, anakwenda kusimama nje. Mke wake akiguswa anakasirika. Mke wake analia kwa sababu sufuria imeungua. Chacha akaamua kwamba ama amerogwa, ama ana mwanaume. Kwamba anaweza kuwa na miaka arobaini na minane tu, hilo halikumpitia akilini.

Aliyetuokoa aliitwa Sista Perpetua, mkunga mzee aliyekuwa akizunguka zahanati za wilaya kukagua kliniki za wajawazito. Mwanamke mfupi, mpole, mwenye ulimi wa wembe. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye meza yangu anakunywa chai, Bhoke akaingia kwa mara ya sita. Nikainuka kwenda kabatini kuchukua dawa. Sista Perpetua hakuinuka. Alimtazama tu yule mama akijipepea, akamuuliza:

"Mama, siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"

Bhoke akafikiri. "Tangu tulipovuna mtama sijaziona. Kabla ya hapo zilikuwa zinaruka. Nilifikiri ni uchovu."

Mimi niko kabatini, mgongo umewageukia, nimeshika dawa.

"Zainabu," Sista akaniita, "hizo dawa unampelekea nani?"

Nikazirudisha kabatini. Ziara sita, na sijawahi kumuuliza mwanamke wa miaka arobaini na minane swali hilo moja. Nilikuwa na aibu ya kuuliza. Ananizidi umri, nimemwamkia shikamoo, sasa nimuulize habari za hedhi? Vijana, heshima ni kitu kizuri, lakini ukiiacha ikuzibe mdomo kazini, mgonjwa wako atakula vidonge vya adabu yako.

Sista Perpetua akamweleza Bhoke kwamba hedhi inakoma, kwamba mwili unapunguza ile homoni iliyokuwa ikiuendesha tangu usichana, kwamba joto lile linatokana na hapo, na kwamba si ugonjwa wala si laana. Bhoke alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sijarogwa?"

"Hujarogwa."

Akafunika uso kwa kanga, akalia kwa muda mrefu. Miezi yote ile alikuwa akijiandaa kufa na hakumwambia mtu.

Mngetegemea kwamba baada ya aibu hiyo nilinyamaza. Hapana. Nesi kijana akishaaibishwa anakwenda kusoma, na akishasoma ni hatari zaidi. Nilipata makaratasi fulani, nikayameza, na wiki iliyofuata nikamkalisha Bhoke nikamhubiria. Ale samaki wa bahari ya baridi. Ale lozi. Ale mtindi usio na mafuta. Na zaidi ya yote, mama, ufanye mazoezi, unyanyue vitu vizito.

Bhoke akanitazama. "Nesi, ninyanyue vitu vizito?"

"Ndiyo mama. Misuli yako inahitaji kazi."

"Wewe nyundo yangu umewahi kuishika?"

Jumamosi hiyo nikaenda machimboni kuishika. Wanawake kama kumi na tano walikuwa wamekaa chini, miguu wameinyosha mbele, kila mmoja na jiwe lake. Nikapewa nyundo. Dakika kumi tu nikawa nimejiponda kidole, nimepata malengelenge mawili, na jiwe langu lilikuwa zima. Walicheka mpaka msimamizi wa duara akaja kuuliza kama kuna mtu ameona dhahabu.

Lakini nilikaa nao kutwa, na ndiyo siku niliyosoma kitu cha maana. Bhoke alikaa chini kwa muda wa saa nane nzima. Mikono ilifanya kazi, ndiyo, lakini miguu, nyonga na mgongo vilikuwa vimelala. Alipotaka kuinuka alishika bega la mwenzake. Na nikaona alichokula: asubuhi chai ya rangi, mchana chai ya rangi na andazi, jioni ugali na majani ya kunde. Nikamuuliza nyama anakula lini. Wakurya wana ng'ombe, wana mbuzi, hawana sababu ya kukosa nyama.

"Nyama ni ya wanaume," akasema. "Sisi tunapata mchuzi."

"Na mayai?"

"Ya wageni."

"Na maziwa?"

"Ya watoto na wazee."

Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akiponda mwamba kwa mikono yake alijengwa kwa maji ya chai na harufu ya nyama. Nikachana makaratasi yangu ya lozi.

Bahati mbaya nilichelewa. Kabla sijapanga la kumwambia, Bhoke aliteleza akitoka kuosha mchanga, karai kichwani. Hakuanguka kwenye korongo wala nini, alikaa tu chini kwa nguvu na kujizuia kwa mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika. Mtu anayepasua miamba, akavunjika kwa kuanguka pale pale aliposimama. Nilimfunga ubao, tukampeleka hospitali, akafungwa plasta ngumu. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba ile homoni ikiondoka huchukua na kitu kwenye mifupa, na mwanamke asiyekula vya kujenga mwili hana akiba ya kulipia.

Wiki moja baadaye Bhoke alinitumia ujumbe kupitia jirani: Chacha amesema aende kwa kaka zake, ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, "akapumzike". Huku kwetu mume akisema pumzika namna hiyo, ujue kitanda kimeshapata mtu mwingine wa kukilalia. Nikafunga zahanati mchana kweupe, jambo ambalo nawakataza kabisa msilifanye, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta Chacha amekaa kwenye kiti chake uani. Bhoke alikuwa mlangoni, mkono umening'inia shingoni, begi limeshafungwa. Pembeni, kwenye ngozi ya ng'ombe, alikaa mama yake Chacha, Bibi Nyangi, akichambua maharage. Nikajua sasa nimewakuta wawili dhidi yangu, mume na mama mkwe.

Nikasalimia, wakaitikia. Nikaanza hotuba yangu ya homoni. Chacha alinivumilia mpaka katikati.

"Nesi, nakuheshimu. Lakini huyu mwanamke hazai tena, hafanyi kazi, halali, ananinyima raha nyumbani. Kaka zake watamtunza. Mimi nina mji wa kuendesha, boma na ng'ombe."

"Mkono utapona," nikasema. "Na joto litapungua. Anachohitaji ni chakula. Mayai, maziwa, dagaa, maharage, na nyama kidogo. Na asikae chini kutwa."

Chacha akacheka. "Yaani dawa ya mke wangu ni kula nyama yangu?"

Hapo Bibi Nyangi akaweka ungo chini. Hakupaza sauti.

"Mura," akamwita, kama mama wa Kikurya anavyomwita kijana wake hata akiwa na mvi, "nakuuliza. Ng'ombe akiacha kuzaa unamfanya nini?"

"Namuuza, mama."

"Wewe ndiye mtoto wangu wa mwisho. Baada yako mimi sikuzaa tena. Mbona hukuniuza?"

Chacha akavuta kiti chake nyuma.

"Huu moto niliupata," bibi akaendelea. "Nilikuwa nakwenda kukaa mtoni, miguu ndani ya maji, nikijua nakufa. Mama yake baba yako akanifuata kule. Akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando kila siku, akaniambia nisikae, nitembee, nilime. Hakuniambia jina la ugonjwa. Sisi hatukusema mambo haya. Na mimi sikumwambia huyu," akamwonyesha Bhoke kwa kidole, "kwa sababu niliona haya. Nimemtazama anateketea mwaka mzima, nimenyamaza. Sasa umesikia nesi. Yule mbuzi uliyesema ni wa wageni, ni wageni gani?"

"Wa Jumapili, mama."

"Watakula maharage."

Nimehudhuria semina nyingi za afya ya uzazi, zenye mabango na chakula cha mchana. Sijasikia mada iliyotolewa vizuri kuliko ile. Bhoke alirudisha begi ndani. Chacha hakusema samahani, msitegemee makubwa, lakini jioni ile, nilivyoambiwa, alikata nyama akaiweka kwenye sahani ya mkewe, akatazama upande mwingine kama mtu anayetega bomu.

Sasa niwape kazi yenyewe, maana wengine mmesoma mpaka hapa kwa ajili hiyo. Tuliacha lozi. Tulishika vilivyopo: yai asubuhi badala ya chai peke yake, maharage au choroko mchana, dagaa jioni, waliwe wazima na mifupa yao, maziwa ya mgando, karanga mkononi. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, si kula kilo ya nyama Krismasi kisha kusubiri Krismasi nyingine. Kahawa kali, pombe na pilipili apunguze akiona vinamwasha. Kazi ya kuponda, asimame kila baada ya karai moja. Kabla ya kukaa chini tena, ainuke na kukaa kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu. Mara ya kwanza aliweza mbili na kunitukana kwa Kikurya.

Na msidanganye wagonjwa. Joto halikuondoka kama taa inavyozimwa. Lilimsumbua zaidi ya miaka miwili, likipungua taratibu. Chakula hakikulifukuza, kilimpa mwili wa kulibebea. Usingizi ulirudi kwanza, kisha hasira zikapungua. Nilimwambia pia, na ninyi waambieni wote: damu ikishakoma mwaka mzima halafu ikaonekana tena, hiyo si ya kuvumilia nyumbani, aje apelekwe hospitali.

Mkidhani nilikuwa nimejifunza, sikilizeni. Miaka kumi na nane baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na arobaini na saba, nilianza kutoka jasho mchana nikiwa nahesabu chanjo. Nikajipima malaria. Hakuna. Nikajipima tena, maana kipimo lazima kilikuwa kibovu. Nikampigia dada yangu Kondoa nikamwambia naona shinikizo la damu linaniua. Bhoke ndiye aliyeingia ofisini, akanikuta najipepea kwa kadi ya kliniki ya mtu, akakaa, akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuniuliza hata swali. Kesho yake aliniletea mayai kumi na mawili.

Katikati ya miaka hiyo karasha zilikuja. Mashine moja inasaga kwa saa moja mawe ambayo wanawake kumi waliyaponda kwa wiki nzima. Kila mtu alishangilia maendeleo, na kweli vumbi na nyundo si vitu vya kulilia. Ila wale wanawake wakahamia kuuza nyanya na soda, wamekaa kutwa, na baada ya muda mfupi wakaanza kuja kwangu: goti, nyonga, mgongo, uzito, na ule moto. Wakataka vidonge. Nikasema nina madumu.

Kila Jumatano asubuhi nyuma ya zahanati tulijaza madumu ya lita tano mchanga, nusu kwa wageni, yote kwa wazoefu. Tunayanyanyua, tunachuchumaa, tunapanda kile kilima cha kuelekea barabarani na kushuka. Bhoke ndiye aliyesimama mbele, mimi nilikuwa nahesabu tu na kujifanya daktari. Wanaume wa bodaboda walisimama kutucheka. Mmoja akauliza kama tunakwenda vitani. Bhoke akamwambia aje anyanyue dumu lake kwa mkono wa kushoto, upande ule ule aliovunjika yeye. Alinyanyua mara sita, akakumbuka ana abiria.

Chacha hakuja kuangalia. Aliendelea na maisha yake: nyama nyingi, pombe ya jioni, na kukaa kwenye kiti uani akisimamia mji. Mwaka niliokuwa najiandaa kustaafu aliingia zahanati peke yake, amevaa koti la suti juu ya kaptura. Akasubiri wote watoke.

"Nesi," akasema, akitazama bango la chanjo, "hivi na sisi wanaume kuna kitu kinakoma?"

"Kuna nini, mzee?"

"Nikiinuka kwenye kiti, magoti yanakataa. Juzi Bhoke alinivuta mkono nikasimama." Akageukia mlango kuona kama kuna mtu. "Alinivuta kwa mkono mmoja, nesi. Mwingine ameshika ndoo."

Nikampima sukari, nikampima presha, maana kwa wakati huo nilikuwa nimejifunza kupima kabla ya kuandika. Nikamwambia apunguze pombe, ale na maharage, na kwamba kuna mazoezi Jumatano. Akasema hawezi, yale ni ya wanawake, watu watamwonaje. Nikamwambia sawa, basi akaendelee kuvutwa.

Jumatano ile tulikuwa tumeshaanza kuhesabu alipotokea kwenye kona ya zahanati, na lile koti lake, na dumu mkononi. Wanawake wote wakaacha kuhesabu. Wa bodaboda wakazima pikipiki. Chacha akasimama pale hajui aende wapi, mzee mzima mwenye mji, anamtazama mke wake.

Bhoke hakuweka dumu chini.

"Simama nyuma kule," akamwambia. "Na umwage nusu ya huo mchanga. Utajiumiza."